Riziki za Wanyonge na Nadharia ya Mitaji Mitano: Uchambuzi Kutoka Pwani ya Mtwara

Kila nadharia ya maendeleo huja na picha yake ya mtu maskini. Kabla kada hajaipokea nadharia hiyo na kuifundisha, au kuitumia katika kupanga kazi za kijiji, hana budi kuuliza: picha hii imechorwa na nani, inaonyesha nini, na imeacha nini nje? Kutouliza ni kukubali kufikiriwa na wengine. Na watu wanaofikiriwa na wengine hawawezi kujiletea maendeleo yao wenyewe.

Makala haya yanaichambua nadharia moja iliyoenea mno katika nchi zetu tangu miaka ya 1990, ile inayoyaeleza maisha ya watu maskini kwa njia ya mitaji mitano. Tutaichambua kwa kuipeleka mahali inapopaswa kupimwa, yaani mahali ambapo maskini wenyewe wanaishi. Mahali hapo ni pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi kwenye maingilio ya mto Ruvuma, ambako wataalamu wamefika na hojaji zao kwa miaka zaidi ya thelathini.

I. Chimbuko la Nadharia

Mwaka 1992 wataalamu wawili wa Kiingereza, Robert Chambers na Gordon Conway, walitoa andiko kupitia taasisi ya taaluma za maendeleo iliyoko Sussex. Walieleza kwamba riziki ya mtu ni jumla ya uwezo wake, vitu alivyo navyo na shughuli anazozifanya ili aishi. Riziki hiyo ni endelevu endapo inaweza kuhimili misukosuko na kuinuka tena bila kuharibu riziki za wengine wala za vizazi vijavyo. Mwaka 1998 Ian Scoones, wa taasisi hiyo hiyo, aliyapanga mawazo hayo yakawa mfumo wa uchunguzi. Serikali ya Uingereza, ambayo mwaka 1997 ilikuwa imeunda wizara mpya ya maendeleo ya kimataifa, iliuchukua mfumo huo, na mwaka 1999 ikatoa miongozo yenye mchoro ambao baadaye ulibandikwa kwenye kuta za ofisi za miradi katika Afrika na Asia. Wizara hiyo iliunganishwa na ile ya mambo ya nje mwaka 2020, lakini mchoro wake haukufa. Bado unafundishwa vyuoni, na bado hojaji nyingi zinatungwa kwa kuufuata.

Katikati ya mchoro kuna pembetano. Kila pembe ni mtaji mmoja: mtaji wa watu, yaani afya, elimu na nguvu za kazi, mtaji wa jamii, yaani undugu, ujirani na vikundi, mtaji wa asili, yaani ardhi, maji, misitu na samaki, mtaji wa vitu, yaani barabara, nyumba, vyombo na zana, na mtaji wa fedha. Upande mmoja wa pembetano kuna maneno juu ya mishtuko, mielekeo na majira. Upande wa pili kuna kisanduku cha sera, asasi na taratibu. Mbele yake ipo mishale inayokwenda kwenye mikakati na matokeo. Kaya yenye mitaji mingi huchorewa pembetano pana, na kaya maskini huchorewa pembetano iliyosinyaa. Kazi ya maendeleo, kwa mujibu wa picha hii, ni kuipanua pembetano iliyosinyaa.

II. Kweli Iliyomo Ndani Yake

Si desturi ya uchambuzi wa haki kukataa jambo kwa sababu tu limetoka ng'ambo. Nadharia hii ina kweli ndani yake, na ni vema tuitaje kwanza.

Kabla yake, wataalamu wengi walimwona mtu wa kijijini kuwa ni mkulima wa zao moja, ama mvuvi, ama mfugaji. Kila wizara ilimwona kwa jicho lake. Nadharia ya riziki ilisema: mwangalieni mtu mzima, na mwaka wake mzima. Jambo hili watu wa pwani walilijua tangu zamani. Mwanamume wa Msimbati huvua bahari inapotulia wakati wa kaskazi, na kusi inapovuma hurudi kwenye mihogo, minazi na mikorosho yake. Mkewe hutafuta pweza na chaza maji yanapokupwa wakati wa bamvua, hutanda dagaa kwa nguo katika maji mafupi, husuka, hupika vitumbua vya kuuza. Wenye ndugu katika bonde la Ruvuma hulima mpunga huko. Wengine huchemsha chumvi, wengine walichoma chokaa ya matumbawe. Chakula kikipungua kabla ya mavuno, watu huingia porini kuchimba ming'oko. Wavuvi hufunga safari za ago na kuvuka hadi Msumbiji, ambako wana ndugu wa damu, kwani mpaka wa Ruvuma uliwekwa na wakoloni juu ya watu ambao walikuwa jamii moja. Kumwita mtu huyu "mvuvi" na kuishia hapo ni kumkata vipande.

Methali ya pwani ilikwisha kuyasema haya yote: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayezungukazunguka ufukweni hakosi kitoweo. Hiyo ndiyo nadharia ya riziki kwa maneno sita.

Pili, nadharia hii ilikuja pamoja na wito wa kuwasikiliza wananchi. Mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland mikoani Mtwara na Lindi kati ya mwaka 1988 na 2005, ulitumia sana mbinu za uchunguzi shirikishi, na Chambers alikuwa mmoja wa wahubiri wakubwa wa mbinu hizo. Katika kipindi hicho, miaka ya 1990, wavuvi wa vijiji vya pwani ya kusini walisimama kupinga uvuvi wa baruti uliokuwa ukiyasambaratisha matumbawe yao, wakaunda chombo chao walichokiita Shirikisho. Ikumbukwe kwamba wananchi hao hawakusubiri kufundishwa kwamba bahari ni mali. Walilijua hilo, na walitaka dola isimame upande wao.

III. Upwa Ukifungwa

Sasa tuitazame ile methali kwa makini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini methali hii inachukulia jambo moja kuwa limekwisha kuamuliwa, nalo ni kwamba upwa uko wazi. Je, upwa ukifungwa? Je, mtu akiambiwa kuwa hapa hapagaagaiwi tena? Hapo juhudi ya mgaagaji haitoshi kueleza kwa nini anakula wali mkavu. Lazima tujue ni nani aliyefunga, kwa sheria ipi, na kwa faida ya nani.

Hapa ndipo pembetano inaposhindwa. Inahesabu kilichomo kikapuni mwa maskini, wala haiulizi ni nani mwenye kufungua na kufunga upwa. Hilo ndilo kosa lake kuu, na makosa mengine yote yanatoka humo.

Mwaka 2000, kwa kutumia Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilikuwa hifadhi ya pili ya aina hiyo nchini, baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na nchi kavu, na ndani ya mipaka yake wanaishi watu: Msimbati, Nalingu, Mkubiru, Kilambo, Mahurunga na vijiji vingine. Fedha za kuianzisha zilitoka katika mfuko wa mazingira wa dunia kupitia Umoja wa Mataifa, pamoja na mchango wa Ufaransa.

Lengo la kuhifadhi lilikuwa sahihi. Matumbawe yakifa, samaki huondoka, na mnyonge ndiye wa kwanza kulala njaa. Lakini tazama jinsi nadharia ya riziki ilivyotumika. Wataalamu walifanya uchunguzi wa shughuli na mitaji ya kaya, kazi ambayo kwa yenyewe ilikuwa nzuri. Wakaona kuwa watu wanategemea mno mtaji wa asili. Kutokana na hilo, dawa ikawa kuwapunguzia utegemezi huo: kubadilisha nyavu, kufuga samaki, kufuga nyuki, kuunda vikundi vya mikopo. Mambo haya yaliitwa "riziki mbadala". Neno "mbadala" lilificha uamuzi mzito. Lilimaanisha kwamba riziki ya kwanza imekwisha kuondolewa mezani, na aliyebakia na mzigo wa kutafuta nyingine ni yule yule maskini.

Mtaalamu wa elimu ya jamii, Vinay Kamat, ambaye alifanya utafiti wa miaka mingi katika vijiji hivyo, aliipa makala yake ya mwaka 2014 jina linalosema kwamba bahari ndiyo shamba lao. Alieleza jinsi vizuizi vya uvuvi vilivyohusishwa na wananchi wenyewe na upungufu wa chakula na kuvunjika kwa moyo, na jinsi baadhi ya vijiji, hasa Nalingu, vilivyoipinga hifadhi tangu mwanzo. Hebu tulipime neno hilo, shamba. Shamba si mtaji wa asili tu. Shamba lina mwenyewe, lina mpaka, lina jirani anayeutambua mpaka huo, lina haki ya kurithiwa. Aliyesema bahari ni shamba letu hakuwa akitaja kitu alicho nacho; alikuwa akidai haki. Pembetano husikia kitu, haki haiisikii.

Tena yafaa kuuliza ni nani kati ya wanakijiji aliyeumizwa zaidi. Mwenye mashua, mashine na nyavu za macho makubwa aliweza kwenda mbali, kwenye maji makuu. Mwanamke mwenye kipande cha nguo cha kutandia hakuweza. Vizuizi vya maji mafupi vilimwangukia yeye, kwa kuwa maji mafupi ndiyo pekee aliyoweza kuyafikia kwa miguu. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwa sawa kwa wote, kwa sababu haikuwakuta wote wakiwa sawa.

IV. Mtaji wa Mmoja ni Deni la Mwingine

Kosa la pili liko katika neno lenyewe, mtaji. Katika uchambuzi wa uchumi wa kisiasa, mtaji si kitu. Ni uhusiano kati ya watu. Mashua ya mtu anayeivulia mwenyewe ni chombo cha kazi. Mashua ya tajiri anayekaa Mtwara mjini, akavuliwa na vijana wanne, kisha mgawo ukatoka fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mashine kabla ya vijana wale kupata chao, hiyo ndiyo mtaji. Mbao ni zile zile, lakini uhusiano ni mwingine kabisa. Nadharia inayoviita vyote viwili "mtaji wa vitu" imefuta tofauti kati ya anayefanya kazi na anayefanyiwa kazi.

Vivyo hivyo kwa ule unaoitwa mtaji wa jamii. Mchuuzi anamkopesha mvuvi fedha za nyavu, kwa sharti kwamba samaki wote watauzwa kwake kwa bei atakayoitaja yeye. Katika hojaji mvuvi huyo ataonekana ana mahusiano mazuri na mfanyabiashara, na ana fursa ya mkopo. Pembetano yake itapanuka katika pembe mbili. Katika maisha halisi amefungwa kamba.

Mfano ulio wazi zaidi ni kangomba katika biashara ya korosho, ambayo wakulima wa Mtwara wanaijua vizuri kuliko wataalamu. Miezi ya mwanzo wa mwaka, akiba ya nyumbani inapokwisha na mikorosho bado haijazaa, mwenye fedha humpa mkulima fedha kidogo au chakula. Malipo ni korosho wakati wa msimu, Oktoba hadi Desemba, kwa kipimo na bei ya mkopeshaji. Njaa ya mmoja inakuwa chanzo cha faida ya mwingine. Hapa "majira", ambayo katika mchoro yamewekwa nje ya pembetano kana kwamba ni hali ya hewa tu, yamegeuka kuwa chombo cha unyonyaji. Mvua hainyonyi mtu. Anayenyonya ni yule anayejua mvua itachelewa na akaweka fedha zake tayari.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 ulikusudia kuikata mirija hiyo kwa kupitisha korosho katika vyama vya msingi na minada. Ulisaidia kuinua bei, lakini mwenye njaa ya mwezi Februari hawezi kusubiri mnada wa mwezi Novemba, na kwa hiyo kangomba haikufa. Mwaka 2018 wakulima walipozikataa bei za mnada, serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wenye kangomba walizuiwa kulipwa. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini uhakiki wa nani ni mkulima wa kweli ulichukua muda mrefu, na wakulima wengi wakasubiri malipo huku madeni yao yakiendelea kuwadai. Somo ni hili: uhusiano wa kinyonyaji uliojengwa juu ya njaa haukatwi kwa amri peke yake. Unakatwa kwa kuiondoa njaa inayoulisha, yaani kwa akiba ya chakula na mkopo wa ushirika unaofika wakati unapohitajika. Hakuna kipimo cha ukubwa wa pembetano ya kaya moja kitakachotufundisha hayo, kwa sababu jambo lenyewe halimo ndani ya kaya. Limo kati ya kaya na kaya.

Pekka Seppälä, Mfini aliyechunguza uchumi wa vijiji vya kusini mwa Tanzania, alitoa kitabu mwaka 1998 kinachoweka pamoja mambo mawili katika jina lake: kuwa na shughuli nyingi, na kulimbikiza mali. Ni lazima mambo haya yasomwe pamoja. Tajiri wa kijiji ana shughuli nyingi kwa kuwa fedha ya duka hununua mashua, na fedha ya mashua hununua mikorosho. Maskini naye ana shughuli nyingi kwa kuwa hakuna hata moja inayomtosha. Hojaji ikihesabu shughuli tu, wote wawili wana riziki nyingi. Mmoja anajenga na mwenzake anaganga njaa.

V. Bomba Lisiloonekana katika Mchoro

Kosa la tatu ni la upeo. Pembetano huchorwa kuzunguka kaya. Kwa hiyo haiwezi kuona jambo lolote lililo kubwa kuliko kaya.

Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Ilianza kuzalisha umeme kwa ajili ya Mtwara katika miaka ya 2000, na mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika, likianzia kwenye mtambo wa kusafishia gesi uliopo Madimba. Visima vya rasi ya Msimbati vimo ndani ya mipaka ile ile ya hifadhi ya bahari. Ndiyo kusema, katika eneo moja, mwanamke aliambiwa kuwa nguo yake ya kutandia dagaa ni hatari kwa mazingira, na kampuni ikaruhusiwa kuchimba kisima. Inawezekana kila uamuzi ulikuwa na sababu zake za kitaalamu na za kisheria, na taifa linahitaji umeme. Lakini mwananchi anayeishi hapo huviona vyote viwili kwa pamoja, na kutoka katika kuviona kwa pamoja huzaliwa swali.

Swali hilo lilisikika mwishoni mwa mwaka 2012 na mwaka 2013, watu wa Mtwara walipoandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kabla hawajaona viwanda na ajira nyumbani kwao. Mwezi Mei 2013 ghasia zilizuka, watu walipoteza maisha, mali zikateketezwa, na jeshi likapelekwa. Wapo waliosema kwamba wananchi hawakuelewa. Kwamba gesi ni ya taifa zima. Ni kweli kwamba ni ya taifa zima, na umoja wa taifa letu haugawiwi kwa mikoa. Lakini mtu hakatai umoja kwa kuuliza fungu lake. Mtwara ina kumbukumbu ndefu. Ilijengewa bandari na reli kwa ajili ya mradi wa karanga wa wakoloni ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni zaidi ya 30. Na reli hiyo iling'olewa katika miaka ya 1960. Ilijengewa viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje katika miaka ya 1970, vingi vikalala bila kazi. Watu walioona reli ikija na kuondoka wana haki ya kuuliza bomba limekuja kufanya nini.

Nadharia ya mitaji mitano ina nini cha kusema hapa? Gesi si mtaji wa kaya ya Msimbati, kwa hiyo haimo katika pembetano. Vita vya Cabo Delgado vilivyoanza mwaka 2017, ambavyo mwaka 2020 vilivuka Ruvuma hadi kijiji cha Kitaya na kuzihatarisha safari za ago za wavuvi, vitaitwa "mshtuko", neno lile lile linalotumika kwa kimbunga. Utajiri mkubwa ulio chini ya miguu ya mtu na bunduki iliyo ng'ambo ya mto vyote vimewekwa pembeni ya mchoro. Kisha mtaalamu anakaa na kuhesabu kuku.

VI. Vitu Vinne na Mitaji Mitano

Sisi nasi tuna mfumo wetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja vitu vinne ambavyo nchi inavihitaji ili iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kada yeyote anavijua kwa moyo. Lakini ni vizuri kuviweka kando ya mitaji mitano na kutazama tofauti.

Katika mitaji mitano, fedha ni mojawapo ya pembe. Katika vitu vinne, fedha haimo. Iliwekwa kuwa ni tunda la maendeleo, si shina lake. Katika mitaji mitano, watu wenyewe wamekuwa mtaji, kitu cha kutumiwa. Katika vitu vinne, watu ndio wa kwanza, na wao ndio watendaji. Lililo kubwa zaidi, katika mitaji mitano siasa imetolewa nje ya pembetano na kuwekwa katika kisanduku pamoja na "taratibu". Katika vitu vinne, siasa na uongozi ni nusu ya hesabu yote. Waliotunga vitu vinne walijua kwamba ardhi bila siasa safi hugeuka kuwa ardhi ya mtu mwingine.

Hata hivyo, haitoshi kujisifu kwamba mfumo wetu ni bora. Nadharia hupimwa kwa matendo, na yetu nayo ipimwe kwa kipimo hicho hicho. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wakulima wengi wa kusini walihamishwa, na mikorosho yao ikabaki mbali. Uzalishaji wa korosho nchini, ambao ulifikia kama tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Uhamisho haukuwa sababu pekee. Bei ndogo kwa mkulima na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia sana. Lakini mkulima hakuulizwa mikorosho yake iko wapi. Wakati ule hapakuwa na pembetano. Palikuwa na vitu vinne ukutani, na viwili vya mwisho vilisahauliwa njiani. Mchoro wowote, uwe wa Sussex au wa Arusha, ukishakuwa wa kukaririwa badala ya kuulizia maswali, huwa pazia.

VII. Maswali ya Kazi

Wapo watakaosema kwamba tunaionea nadharia hii, kwa kuwa kisanduku cha sera na asasi kimo katika mchoro. Jibu ni kwamba kisanduku kimo, lakini hojaji hupima pembetano. Kuku wanahesabika kwa siku moja, lakini mamlaka hayahesabiki. Wenye nadharia wenyewe wamelikiri jambo hili. Scoones aliandika mwaka 2009, na tena katika kitabu cha mwaka 2015, kwamba uchunguzi wa riziki uliisahau siasa, na akashauri urudishiwe maswali manne ya Henry Bernstein, mwanauchumi wa kisiasa ambaye katika miaka ya 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maswali hayo ni haya: nani anamiliki nini? Nani anafanya kazi gani? Nani anapata nini? Na wanakifanyia nini wanachokipata? Kwa hiyo maswali ambayo wataalamu wa ng'ambo wanashauriwa leo wayarudie yaliulizwa na mtu aliyefundisha katika nchi yetu, wakati mijadala ya utabaka wa vijijini ilipokuwa moto hapa nchini.

Kwetu sisi tunaofundisha elimu ya siasa, lipo swali la tano ambalo halina budi kuongezwa: nani anaamua? Mtu anaweza kumiliki mashua na asiwe na sauti juu ya bahari. Kijiji kinaweza kupata fidia na kisijue ni nani aliyeipanga. Bila swali la tano, yale manne yatajibiwa na mtaalamu, ripoti itaandikwa, na upwa utabaki umefungwa.

Kwa hiyo mradi unapofika kijijini na karatasi zake, tawi la Chama lisikimbilie kuhesabu kaya na kuandika majina ya vikundi. Liitishe mkutano, na katika mkutano huo yaulizwe haya kwa lugha ya kawaida. Bahari hii, au bonde hili, ni nani mwenye kuruhusu na kukataza? Wanawake wanaotanda walikuwapo sheria ndogo zilipotungwa, au waliletewa? Samaki wakiuzwa Mtwara mjini, kati ya bei ya mjini na bei ya ufukweni, ni nani anayebaki na tofauti? Nani anakopesha mwezi Februari, na analipwa nini mwezi Novemba? Ushuru wa huduma unaotokana na gesi umeingia halmashauri kiasi gani, na umejenga nini hapa? Na "riziki mbadala" inayoletwa ni mbadala wa nini, na nani aliamua kwamba ile ya kwanza iondoke?

Maswali haya yatawaudhi wengine, na miongoni mwa watakaoudhika watakuwamo viongozi. Hilo si dalili kwamba yameulizwa vibaya. Chama kilichozaliwa kuwatetea wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuliogopa swali la nani anaamua, kwa kuwa siku kitakapoliogopa kitakuwa kimekwisha kulijibu. Pembetano itumike kama orodha ya vitu vya kukumbuka, basi, si zaidi. Maendeleo ya pwani ya Mtwara hayatapimwa kwa upana wa michoro ya kaya. Yatapimwa siku ambayo mgaagaa na upwa atakuwa na kauli juu ya upwa wenyewe.